Kuotesha rudraksha kutoka kwenye kokwa: mwongozo kamili kwa wanaokwama

Malalamiko ya wanaopanda rudraksha, mti wa Asia ambao makokwa yake huwa shanga za sala za Wahindu, ni yale yale. Makokwa yamenunuliwa, yamelowekwa usiku mmoja, yamefukiwa kwenye viriba, yamemwagiliwa miezi miwili, na juu ya udongo hakuna kitu. Mwenye kitalu anakata tamaa, anamwaga udongo, viriba anapandia pilipili hoho.

Kosa huwa limefanyika katika moja ya nafasi tatu: kokwa lilikuwa limekufa kabla ya kununuliwa, ganda lilikibana kiini ndani, au kokwa lilitupwa likiwa bado hai. Nafasi hiyo ya tatu ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu mtu alikuwa amekwishafanya kazi yote na kilichobaki kilikuwa kungoja tu.

Kokwa si mbegu

Kile ambacho Wahindu huvaa shingoni au hushika mkononi wakihesabu sala si mbegu. Ni kokwa, kama lile la embe, isipokuwa hili ni gumu kama mfupa na limejaa makunyanzi. Mbegu zenyewe ni vijiini vidogo vilivyojificha ndani.

Shika moja uliangalie. Kuna mistari inayoshuka kutoka upande wa kikonyo hadi chini. Wahindu huihesabu na kuiita mukhi, yaani nyuso. Kokwa la kawaida lina mistari mitano. Kila mstari una chumba chake ndani, na kila chumba kingeweza kuwa na kiini kimoja, lakini vyumba vingi huwa vitupu. Hivyo kokwa moja linaweza kutoa mche mmoja, miwili, au lisitoe chochote hata kama ulilitunza vizuri.

Mistari hiyo ndiyo mishono ya kokwa. Siku ya kuota, ganda hupasuka hapo. Kila kitu tutakachofanya kwenye hatua ya 5 kinatokana na jambo hili.

Vifaa

Vikusanye kabla ya kugusa kokwa la kwanza:

- Makokwa yasiyopungua 60. Ukianza na kumi utaambulia patupu na hutajua kwa nini.
- Jiliwa la mezani. Likikosekana, koleo kubwa lenye meno.
- Msumeno wa chuma wenye meno madogo.
- Mswaki wa zamani na ndoo mbili.
- Mchanga wa mto, debe moja, na vumbi la makumbi ya nazi, nusu debe.
- Makopo mapana ya plastiki yenye vifuniko, kama yale ya aiskrimu ya lita 2 au 4. Waandishi wa nje husifia mifuko ya plastiki kwa kazi hii, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na kwa kweli kopo linafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu panya hawalitoboi upesi.
- Viriba vyenye upana wa sentimita 13 na urefu wa sentimita 20 au zaidi.
- Miwani ya kukinga macho. Usiifanyie mzaha: kipande cha ganda kikiruka kutoka kwenye jiliwa huenda kama risasi.
- Kalamu ya wino usiofutika, kwa ajili ya tarehe.

Hatua ya 1: Pata makokwa yaliyo hai

Shanga zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ibada, ziwe za Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, si za kupanda. Nyingi zimechemshwa au kulowekwa ili nyama itoke haraka, zikaanikwa, zikatobolewa katikati, zikapakwa mafuta au rangi. Tundu la kupitishia uzi hupita pale vyumba vinapokutana na kufungua njia ya ukungu. Ukiona kokwa linang'aa kwa mafuta, lina tundu safi la mviringo, au rangi ni moja kwenye mfuko mzima bila tofauti yoyote, hilo ni la kuvaa.

Unachotafuta ni tunda bichi lililoiva, au kokwa la msimu huu lililosafishwa kwa maji baridi tu. Muulize muuzaji maswali mawili: lilivunwa mwezi gani, na lilisafishwaje? Asiyeweza kujibu anauza shanga.

Mti huu kwao ni vilima vya mashariki ya Nepal, hasa wilaya za Bhojpur na Sankhuwasabha, kaskazini mashariki ya India, na visiwa vya Indonesia, Java ikiwa mbele. Makokwa ya Nepal ni makubwa, mengi yana kipenyo cha milimita 15 hadi 25. Ya Java ni madogo, mara nyingi chini ya milimita 12. Yote huota, lakini kwa anayeanza chagua makubwa, maana kulipasua kokwa dogo bila kulisaga kunataka mkono uliozoea.

Ukiagiza, taja jina la kitaalamu ili usiletewe mti mwingine. Vitabu vingine huandika Elaeocarpus ganitrus, vingine Elaeocarpus angustifolius. Andika yote mawili.

Onyo la sheria. Usitie makokwa mfukoni ukapita nayo uwanja wa ndege. Kuingiza mbegu kunahitaji kibali kabla ya kuagiza, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Kazi hiyo ni ya mamlaka za afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Makokwa yaliyobaki na nyama ya tunda yanaweza kuzuiwa kwa sababu ya wadudu, kwa hiyo mwombe muuzaji ayasafishe kabisa kabla ya kuyafunga.

Hatua ya 2: Ondoa nyama yote

Kama umepata matunda, utakutana na rangi ya buluu inayong'aa isiyofanana na tunda lolote la sokoni. Usishangae maji yasipogeuka buluu unapoyaosha. Rangi ile haitokani na wino wa tunda. Inatokana na jinsi ganda lake jembamba lilivyopangwa tabaka tabaka likirudisha mwanga wa buluu. Chini yake nyama ni ya kijani na chachu.

1. Loweka matunda kwenye ndoo siku 2 hadi 4. Badilisha maji kila siku, yakianza kunuka badilisha mara mbili.
2. Nyama ikilainika, isugue kwa mkono pamoja na konzi ya mchanga.
3. Malizia kwa mswaki, ukifuata mistari kutoka juu hadi chini. Nyama iliyobaki ndani ya mikunjo ndiyo huleta ukungu, sisimizi na panya.

Mafanikio: kokwa la rangi ya kahawia iliyopauka, mistari yote inaonekana, na ukilinusa halina harufu ya uchachu.

Anika kivulini kwa saa chache tu, lisilowe mkononi. Usilianike juani, wala usiliweke juu ya bati.

Hatua ya 3: Tenga, usitupe

Mwaga makokwa kwenye ndoo ya maji. Yatakayozama yaweke upande mmoja, yatakayoelea upande mwingine.

Hapa watu wengi hutupa yanayoelea wakidhani ni mabovu. Kokwa la rudraksha lina vyumba, na chumba kimoja kitupu kilichojaa hewa kinatosha kulielesha hata kama chumba cha jirani kina kiini kizima. Kwa sababu hiyo hiyo, kipimo cha kuzama kinachosifiwa sana na wauza shanga hakithibitishi kwamba shanga ni ya kweli, maana hata udongo uliofinyangwa huzama.

Yanayoelea yatapandwa pia, ila kwenye kopo lake.

Hatua ya 4: Kata kumi uone ndani

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote, kwa kuwa inauma kuharibu makokwa kumi uliyolipia. Ifanye. Bila hiyo utasubiri mwaka mzima usijue kama unasubiri kitu au unasubiri mawe.

Chukua makokwa 10 bila kuchagua. Funga moja kwenye jiliwa likiwa limelala, mistari ikielekea pembeni, kisha likate katikati kwa msumeno, kama unavyokata chungwa. Kata taratibu, ganda ni nene na msumeno huteleza.

Pangusa unga kwa kidole chenye maji, uangalie. Kwenye kokwa la mistari mitano utaona umbo kama nyota: nguzo ngumu ya mti katikati, na vitundu vimeizunguka. Ndani ya vitundu utakuta mojawapo ya hali hizi:

- Cheupe, kimejaa, kinang'aa kidogo, na kimevishwa ngozi nyembamba ya kahawia. Hicho ni kiini hai. Ukikibonyeza kwa ukucha kinatoa unyevu.
- Cha njano iliyokolea au kijivu, kimesinyaa na kuachana na ukuta. Kimekufa, au kiko njiani kufa.
- Unga mweusi au utando. Ukungu umeshaingia.
- Kitundu kitupu. Hakikuwahi kuwa na mbegu.

Sasa hesabu. Kokwa lenye angalau kiini kimoja cheupe lihesabu kuwa hai. Ukipata 5 kati ya 10, basi kwenye 50 yaliyobaki tarajia takribani 25 yenye uhai, na kati ya hayo usitarajie zaidi ya nusu kufika kuwa miche. Ukipata 1 au 0, simama hapo hapo. Mrudie muuzaji, tafuta makokwa mengine, na haya safisha uyafanye shanga.

Hatua ya 5: Pasua ganda bila kuua kiini

Wengi waliowahi kuotesha lukina au migunga hufanya hapa kosa moja linaloeleweka: wanamwagia makokwa maji yanayochemka. Kwa lukina ni sahihi, kwa sababu tatizo la mbegu yake ni ngozi isiyopitisha maji, na maji ya moto huilegeza. Rudraksha tatizo lake ni lingine. Maji hupenya, polepole, lakini ganda ni nene mno kiasi kwamba kiini kinachotaka kuvimba hakina nguvu ya kulisukuma. Maji yanayochemka hayalegezi mti mgumu kama huo. Yanachofanya ni kukipika kiini kilicho ndani.

Tindikali ya betri nayo usiiguse. Kuna wanaoielekeza, lakini inaunguza ngozi na macho, na ikipitiliza dakika chache inaingia kwenye mishono na kuua.

Njia salama ni jiliwa:

1. Loweka makokwa kwenye maji ya vuguvugu kwa saa 48, ukibadilisha maji kila baada ya saa 12. Kiini kikishiba maji hakikatiki ovyo kama kikavu.
2. Vaa miwani. Lifunge kokwa kwenye kitambaa chembamba.
3. Liweke kati ya meno ya jiliwa ili mstari mmoja uangalie juu, na meno yabane pande mbili za mstari huo.
4. Kaza mpini robo mzunguko, ngoja sekunde mbili, kaza tena robo.
5. Ukisikia "tak" moja kavu, legeza mara moja. Usingoje ya pili.

Mafanikio: ufa mwembamba kama unywele, unaofuata mstari. Ukilishika kokwa juu ya mwanga unauona, lakini ukucha hauingii. Kokwa bado ni kitu kimoja.

Ukiona ufa unaoingiza ukucha, umekaza mno. Kokwa kama hilo lioteshe peke yake, juu ya mchanga wenye unyevu, siku hiyo hiyo. Likilala usiku mmoja mezani kiini hukauka. Vipande vikiachana kabisa na kiini kikadondoka, nafasi yake ni ndogo lakini ipo: kilaze juu ya mchanga, kifunike kwa kopo.

Huna jiliwa? Tumia tupa. Sugua kwenye mistari miwili inayokabiliana mpaka mikunjo yote iishe na ganda libaki laini kwenye njia ile. Inachukua dakika kumi kwa kokwa moja na matokeo hayaji haraka kama ya jiliwa, lakini huwezi kukisaga kiini. Nyundo iache kabisa: haina kipimo.

Pasua nusu tu ya makokwa yako. Nusu nyingine yaache mazima. Yaliyopasuliwa huwahi kuota lakini huoza kwa urahisi. Mazima huchelewa lakini hustahimili. Ukienda na njia moja tu, kosa moja linakumalizia kila kitu.

Hatua ya 6: Kitanda cha kuoteshea

Osha mchanga mpaka maji yatoke meupe, kisha umwagie maji yanayochemka na uuache upoe. Hapa ndipo maji ya moto yana kazi yake. Changanya sehemu 2 za mchanga na sehemu 1 ya vumbi la makumbi.

Unyevu upime kwa ngumi: kamata konzi, kaza. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza mchanga. Konzi ikimeguka bila tone, ongeza maji.

Toboa matundu manne madogo kwenye kifuniko cha kopo. Tandaza sentimita 4 za mchanganyiko, panga makokwa yasigusane, yafunike kwa sentimita 2 nyingine. Makokwa 12 hadi 15 yanatosha kopo la lita 4. Andika pembeni: tarehe, yalikotoka, "pasuliwa" au "mazima". Baada ya miezi minane hutakumbuka.

Kopo likae mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30, pasipopigwa na jua moja kwa moja. Pwani, chumba chochote kinafaa. Njombe, Limuru au Kabale, liweke juu ya kabati la jikoni, karibu na joto la jiko lakini si juu yake. Joto likikaa chini ya nyuzi 20 muda mrefu, makokwa hayafi haraka ila hayaamki.

Una makokwa zaidi ya mia? Achana na makopo. Tengeneza tuta la mchanga lenye kina cha sentimita 15 chini ya kivuli, na ulifunike kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Panya hutoboa kokwa kwa upande na kunyonya kiini chote, na kwa juu utaona tuta limetulia kama hakuna kilichotokea.

Hatua ya 7: Kungoja kwenye kazi

Yaliyopasuliwa yanaweza kuanza baada ya miezi 2 au 3. Mazima huchukua miezi 6, mwaka, na mengine hupita mwaka. Ndani ya kopo moja mche wa kwanza na wa mwisho unaweza kupishana miezi mingi. Hivyo ndivyo mti huu ulivyo. Msituni makokwa huamka kwa zamu ili ukame mmoja usiyamalize yote.

Kila baada ya wiki 2:

- Fungua kopo dakika tano lipate hewa.
- Fukua taratibu kwa kidole, angalia mishono. Usiligeuze kokwa lililokwisha kufunguka.
- Ukungu mweupe kama pamba juu ya ganda: losha kokwa kwa maji safi, lirudishe. Ukungu huo unakula mabaki ya nyama na si lazima uwe umefika ndani.
- Kokwa linalonuka kama yai viza na linalotoa ute kwenye ufa: litoe, pamoja na mchanga uliolizunguka.
- Pima unyevu kwa ngumi. Nyunyiza kidogo pale tu panapohitajika. Maji mengi yameua makokwa mengi kuliko ukavu.

Mafanikio: mstari mmoja umefunguka na ncha nyeupe ya mzizi, nene kama njiti ya kiberiti, inachungulia.

Usitupe kopo kabla ya miezi 18. Ukishindwa kuvumilia, kata kokwa moja uangalie kama ulivyofanya hatua ya 4. Kiini kikiwa bado cheupe, funika uendelee.

Hatua ya 8: Kuhamishia kwenye kiriba

Hamisha mzizi ukiwa na sentimita 1 hadi 2. Ukingoja ufike 5 utavunjika, na mzizi mkuu ukivunjika mche hudumaa.

Udongo: sehemu 3 za udongo mweusi wa juu, 1 ya mchanga, 1 ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza. Majivu usichanganye, mti huu unapenda udongo wenye uchachu kidogo.

Chimba shimo kwa kijiti, elekeza mzizi chini, kokwa lifunikwe kwa sentimita 1 tu. Miche hutoka shingo imepinda kama kulabu, kisha hunyooka yenyewe. Usiisaidie kunyooka, wala usibandue ganda lililong'ang'ania.

Zikitoka shina mbili kwenye kokwa moja, ziache hadi kila moja iwe na majani manne. Kisha ama uzitenganishe ukiwa umelowesha kiriba, ama ukate lililo dhaifu kwa mkasi. Kung'oa kunaivuta na mizizi ya mwenzake.

Adui wa wiki sita za kwanza ni kinyausi: shina linakonda pale linapogusana na udongo, linakuwa jeusi, mche unaanguka. Ukiiona imeshauua mche huo, kilichobaki ni kuokoa wengine. Mwagilia asubuhi na si jioni, achanisha viriba hewa ipite, na punguza kivuli kizito. Neti au makuti yapunguze jua kwa nusu, yasitie giza.

Hatua ya 9: Shambani

Mche uko tayari ukiwa na urefu wa sentimita 40 hadi 50 na shina limeanza kuwa gumu. Mwezi mmoja kabla, ondoa kivuli kidogo kidogo na punguza maji. Panda mvua zikishashika, si siku ya mvua ya kwanza.

Mahali panapofaa ni penye mvua ya kutosha, udongo mzito kiasi usiotuamisha maji, na pasipo na jalidi. Muheza, Tukuyu, Bukoba, Kakamega na ukanda wa Ziwa Victoria upande wa Uganda pana hali inayokaribiana na kwao. Dodoma au Voi usijaribu bila maji ya uhakika mwaka mzima.

- Shimo: sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi, urudishe huo kwanza.
- Nafasi: mita 8 kati ya mti na mti, na si chini ya mita 10 kutoka kwenye nyumba au choo cha shimo. Mti mzima huinuka juu sana na huota mbawa za mizizi kwenye shina.
- Matandazo: nyasi kavu, unene wa sentimita 10, zisiguse shina.
- Maji: lita 20 kwa wiki katika viangazi viwili vya mwanzo.

Majani machache mekundu kati ya mabichi si ugonjwa. Mti huu haupukutishi majani yote kwa pamoja. Kila jani linalozeeka hugeuka jekundu na kuanguka kwa wakati wake. Wengi wamenyunyizia dawa mti mzima wa afya kwa sababu hii.

Ombi moja la dhati: usiupande kando ya msitu wa asili. Rudraksha si mti wa bara la Afrika, na ndege na popo hubeba matunda mbali.

Mambo mawili ambayo wauza miche hawasemi

Kwanza, idadi ya mistari haichaguliwi. Mti mmoja huzaa makokwa ya mistari minne, mitano, sita, na mara chache zaidi au pungufu. Anayekuuzia "mche wa uso mmoja" kwa bei kubwa anakuibia.

Pili, matunda si ya kesho. Mti uliokaa vizuri unaweza kuzaa mwaka wa nne, lakini jipange kwa miaka saba. Anayetaka kuwahi na aliye na mti mzima karibu anaweza kutia mizizi kwenye tawi: ondoa ganda la tawi nene kama kidole, upana wa sentimita 3, funga makumbi yenye unyevu, funika kwa nailoni, na ukate tawi hilo mizizi ikishajaa.

Makokwa yaliyoshindwa, na yale ya mavuno

Kokwa zima lisilo na kiini hai bado ni ushanga mzuri. Likaushe kivulini wiki 2, lishike kwenye jiliwa kwa kitambaa, toboa kwa keekee yenye ncha ya milimita 1.5, ukianza juu na kumalizia kutoka chini ili tundu likutane katikati. Ukitoboa upande mmoja moja kwa moja, ganda hubanduka pale ncha inapotokea.

Mala ya Kihindu, yaani mkufu wa kuhesabia sala, ina shanga 108 na moja ya kichwa. Chagua zinazolingana: 108 za milimita 8 zina urefu wa sentimita 86, na ukipiga fundo kati ya kila mbili utaongeza karibu sentimita 20. Kata mita 3 za uzi wa pamba uliosokotwa, maana mafundo hula uzi kuliko unavyodhani. Kama unamtengenezea mtu wa kusalia, mwulize kwanza kama anataka mafundo, fanya kazi juu ya kitambaa safi, na usiziache shanga sakafuni. Kwake hiyo ni alama ya mungu Shiva.

Ushanga wa kichwa hupitishiwa ncha zote mbili za uzi kwa pamoja. Vuta mpaka ukae wima juu ya wenzake, piga fundo la kwanza, lidondoshee tone moja la maji likaze, kisha ndipo upige la pili.